Barua njema ndizo zinazokifundisha kichujio

Kazi yangu ni kutafsiri, na kazi hiyo huniletea barua pepe kutoka kwa watu nisiowajua hata kidogo. Mtu ananiandikia kwa mara ya kwanza, jina lake halimo katika kitabu changu cha anwani, ameweka kiambatisho, anataja fedha, na anataka jibu "haraka iwezekanavyo". Ukizitazama dalili hizo moja moja utasema huyu ni tapeli. Mara nyingi ni mteja. Kwa hiyo ule ushauri wa "zuia kila usiyemjua" haunifai. Ningeufuata, ningekaa bila kazi.

Ndiyo sababu nimeshikamana na kichujio cha barua taka kinachojifunza, kile kilichomo ndani ya Thunderbird, programu ya barua pepe ninayoitumia kwenye kompyuta, na ndiyo sababu naandika haya. Karibu kila mtu ninayemsikia akikilalamikia kichujio chake amekifundisha upande mmoja tu. Amekionyesha taka, akakionyesha taka tena, na tena, halafu anashangaa kinapokamata barua ya bosi wake. Hakuna aliyewahi kukionyesha barua ya bosi inafananaje.

Kabla sijafika huko, niziondoe njiani njia mbili ambazo watu hupenda kuanza nazo. Ya kwanza ni kumzuia mtumaji. Inaridhisha moyo, sikatai. Unabofya "zuia" na unahisi umemfungia mtu mlango. Lakini ile anwani unayoiona kwenye "Kutoka" huandikwa na mtumaji mwenyewe. Itifaki ya kutuma barua pepe, SMTP, iliandikwa mwaka 1982, wakati waliokuwa mtandaoni walikuwa wachache na waliaminiana, na ndani yake hakukuwa na chochote cha kumlazimisha mtu aandike anwani yake ya kweli. Anayetuma taka leo kwa jina hili, kesho atatuma kwa jina lingine, na anwani uliyoizuia huenda ni ya mtu asiye na hatia ambaye jina lake limetumiwa bila yeye kujua. Orodha ya waliozuiwa huwa ndefu, na taka zinaendelea kuingia kama kawaida.

Njia ya pili ni kuandika kanuni kwa mkono: kichwa cha habari kikiwa na neno "mkopo", futa. Siku ya pili inakuja "mk0po" yenye sifuri mahali pa o, au "m k o p o" yenye nafasi katikati. Wakati huohuo, barua ya mhasibu wako inayoeleza habari za mkopo wa kweli imefutwa kimyakimya. Kanuni za mkono zina mahali pake, nitazirudia, lakini si hapo.

Sasa, hiki kinachojifunza kinafanyaje kazi? Taka zenyewe ni za zamani. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment alituma tangazo la kompyuta kwa watu wapatao 400 waliokuwa kwenye mtandao wa ARPANET, mzazi wa intaneti ya leo, na malalamiko yalianza mara moja. Dawa ilichelewa. Mwaka 1998 watafiti walikuwa tayari wanachapisha kazi za kuchuja barua kwa hesabu za uwezekano, ila kilichowafanya watengenezaji wa programu waamke ni insha ya mwandishi wa programu Paul Graham ya Agosti 2002. Mwaka uliofuata programu ya barua ya Mozilla, ambayo Thunderbird imetoka humo, ilikuwa na kichujio cha aina hiyo ndani yake. Hesabu yenyewe ina jina la Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761. Andiko lake juu ya jambo hilo lilichapishwa mwaka 1763, mwenyewe hayupo. Sidhani aliwahi kuota kwamba lingekuja kutumika dhidi ya matangazo ya vidonge.

Kiini chake ni chepesi. Kichujio huikata barua katika maneno, kisha kwa kila neno hujiuliza: hili nimeliona mara ngapi kwenye taka, na mara ngapi kwenye barua njema?

Tuchukue namba za mfano. Tuseme neno "mkopo" limeonekana katika barua taka 30 kati ya 100, na katika barua njema 1 kati ya 100. Barua mpya yenye neno hilo ina uwezekano wa 30 kwa 1 wa kuwa taka, yaani karibu asilimia 97. Thunderbird ikiachwa kama ilivyokuja huhukumu kuanzia asilimia 90, kwa hiyo kwa neno hilo peke yake barua imekwisha. Lakini tuseme barua hiyohiyo ina neno "rasimu", ambalo kwako huonekana mara 19 zaidi katika barua njema kuliko kwenye taka. Gawanya 30 kwa 19, na uwezekano wa taka umeshuka hadi asilimia 61 hivi. Ongeza neno lingine lenye uzito huohuo, labda "aya", na barua inabaki chini ya asilimia 8. Hesabu halisi ya Thunderbird ina ufundi zaidi ya huu, ila inaelekea hukohuko.

Haya, sasa jifanye hukuwahi kukifundisha barua njema hata moja. "Rasimu" na "aya" kichujio hakijawahi kuyaona, na neno ambalo hakijaliona halina uzito wa maana. Limebaki "mkopo" peke yake. Mteja wako aliyekuomba utafsiri mkataba wa mkopo amekwenda na maji, na kichujio hakikukosea. Kimehukumu kwa ushahidi uliokipa.

Graham mwenyewe aliliona hilo. Katika hesabu yake ya kwanza aliyahesabu maneno ya barua njema mara mbili, kwa makusudi, ili mzani uelemee upande wa kuachia. Taka moja ikipita unapoteza sekunde. Barua njema ikipotea huenda usijue kamwe kwamba iliwahi kuandikwa. Nayo SpamAssassin, ile programu ya kuchuja iliyomo katika seva nyingi, haianzi kutumia hesabu hizi za Bayes mpaka iwe imeonyeshwa barua taka 200 na barua njema 200. Haikubali kuhukumu kwa ushahidi wa upande mmoja. Ningependa programu zote ziwe na ukaidi huo.

Mipangilio haina mengi. Katika Thunderbird, kila akaunti ina ukurasa wake wa barua taka ndani ya mipangilio ya akaunti, na humo unahakikisha kwamba kichujio kinachojifunza kimewashwa. Kila akaunti, narudia, maana watu wenye akaunti tatu huweka tiki kwenye moja na kudhani kazi imekwisha. Mafunzo, kwa upande mwingine, ni ya pamoja: akaunti zote zilizo katika wasifu mmoja (folda ambamo Thunderbird huweka mipangilio na barua zako) hutumia faili moja liitwalo training.dat. Unachokifundisha kwenye barua za kazi kinahukumu na barua za nyumbani. Kwangu hilo ni zuri. Kwa mtu ambaye akaunti yake moja hupokea matangazo anayoyapenda na nyingine anayachukia, linaweza kumsumbua, na suluhisho lake ni kutengeneza wasifu wa pili.

Kwenye ukurasa huohuo kuna sehemu ya kusema: mtumaji akiwa katika kitabu hiki cha anwani, usimhukumu. Weka tiki kwenye kitabu chako kikuu. Kile cha anwani zinazokusanywa zenyewe mimi nimekiacha bila tiki, kwa sababu Thunderbird huingiza humo kila anwani unayoiandikia. Maana yake ni kwamba ukimjibu tapeli, hata kama umemjibu ili umtukane, umempa kibali cha kupita mlangoni bila kukaguliwa. (Usimjibu tapeli. Tusi lako kwake ni habari njema tu: anwani hii ina mtu.)

Halafu kuna kuhamisha taka hadi kwenye folda yake. Siku za kwanza mimi huzuia hilo. Naiacha Thunderbird iweke alama yake ya moto mbele ya barua na kuiacha hapohapo kwenye kikasha, ili nione inafikiri nini. Ikishaanza kupatia, ndipo nairuhusu ihamishe. Kumpa mwanafunzi ufunguo wa ghala kabla hujaona anavyopanga ni kujitafutia maneno.

Basi tuje kwenye kufundisha kwenyewe, ambako ndiko kwenye kazi.

Kitufe ni J kwa taka, na Shift na J kwa isiyo taka. Taka ni rahisi kufundisha kwa sababu inakuudhi. Unaiona, unabonyeza J, umetulia. Barua njema haiudhi mtu, kwa hiyo hakuna anayeigusa. Na hapa ndipo pana jambo ambalo wengi hawalijui: kuiacha barua kwenye kikasha si kufundisha. Thunderbird haisemi "ameisoma, ameijibu, bila shaka ni njema". Hujifunza pale tu unapoiambia kwa mkono wako. Barua elfu zilizokaa miaka kwenye kikasha chako bila kuguswa, kwa kichujio ni kama hazipo.

Kwa hiyo nikianza kwenye kompyuta mpya, sianzi na taka. Nakwenda kwenye folda za kazi zilizokwisha, nachagua barua za wateja mbalimbali, nabonyeza Shift na J. Halafu barua za wahariri. Halafu za familia, kwa sababu dada yangu huandika kwa herufi kubwa tupu na alama za mshangao tatutatu, mtindo uleule wa watu wanaouza vidonge. Halafu zile barua kavu za mashine: risiti, uthibitisho wa malipo, taarifa za kubadilisha nenosiri nilizoziomba mwenyewe. Hizi za mwisho msizisahau. Lugha yake iko karibu sana na lugha ya matapeli, na kichujio kisipooneshwa mifano halali yake, kitazizika zote.

Kuchagua kunahitaji akili kidogo. Barua mia moja za mtu mmoja hazifundishi kama barua kumi za watu kumi, kwa sababu zile mia zinarudia salamu ileile na sahihi ileile chini. Nataka maneno mengi tofauti. Nachagua pia barua za kwanza, yaani zile ambazo mteja aliniandikia kabla hatujafahamiana, maana ndizo zinazofanana na zile ninazoogopa kuzipoteza. Kisha nalinganisha pande mbili. Si lazima zilingane sawasawa, ila nikiona nimebonyeza J wiki nzima bila Shift na J hata mara moja, nachukua barua za wiki hiyo zilizo njema na kuzipitisha.

Kuburuta barua kwa kipanya hadi kwenye folda ya taka hakuko sawa na kubonyeza J. Umeihamisha tu; kichujio hakijaambiwa kitu. Inafaa kulijua hili, hasa kwa wale wanaopenda kuburuta.

Kuna jambo letu sisi tunaoandikiana kwa Kiswahili ambalo sijaliona likizungumzwa. Kichujio hukata maneno kwenye nafasi, na kwake "nitakulipa", "tutakulipa", "amekulipa", "hatujalipwa" na "mmelipwa" ni maneno matano yasiyohusiana kwa lolote. Hakijui kwamba yote yana mzizi mmoja. Kiingereza hakina tabu hiyo kwa kiasi kikubwa. Neno la kulipa huvaa sura mbili tatu, basi. Sisi kitenzi kimoja kinabeba nani, lini, kwa nani na kama kweli kimetokea, kwa hiyo kila sura inabidi ionekane mara kadhaa ndipo iwe na uzito. Matokeo yake, barua zetu zinahitaji mifano mingi zaidi kabla kichujio hakijazielewa. Maneno yanayofanya kazi mapema ni yale yasiyobadilika sana: "tafadhali", "habari", "lakini", "kuhusu", majina ya watu na ya vitu.

Kwa muda mrefu jambo hilo halikuniumiza, kwa kuwa taka zangu karibu zote zilikuwa za Kiingereza. Barua ikiwa na "tafadhali" na "lakini", tayari ilikuwa nusu imepona. Siku hizi wamegundua mashine za kutafsiri. Napata barua za "Mpendwa Mteule, mimi ni mjane wa marehemu mhandisi, ninasumbuliwa na saratani ya umio, daktari amenijulisha sitadumu", na mimi kama mtafsiri nateseka mara mbili. Kwa upande wa kichujio, hata hivyo, barua hizi ni zawadi. Hakuna mteja wangu aliyewahi kuniita Mteule. Neno "umio" halijawahi kuingia kikashani mwangu kwa njia ya halali, ingawa siku nikipata kazi ya tafsiri ya kitabu cha tiba nitalazimika kulisafisha. Nilibonyeza J kwa wajane kadhaa na wakaacha kupita, huku "tafadhali" ikibaki na heshima yake kwa sababu nyuma yake kulikuwa na barua njema nyingi za kuitetea.

Mwenzangu mmoja mhariri alinipigia simu akiwa amechoka kabisa.

"Dada, hiki kichujio ulichonishauri kimelogwa. Barua za waandishi wangu zote zinaingia takani."

Nikamuuliza, "J unaibonyeza wakati gani?"

"Nikishasoma kitu nisichokihitaji."

"Kila kitu?"

"Sasa nikiache kikasha kijae?"

Hapo hapakuwa na uchawi. Alikuwa anatumia J kama kitufe cha kufuta. Mialiko ya mikutano iliyokwisha pita, "asante, nimepata" za waandishi wake, nakala za barua za ofisi, vyote vilikuwa vimetangazwa kuwa taka, na maneno ya kazi yake yote yamechafuka. Kwa hali kama ile hakuna kutengeneza kidogokidogo. Katika mipangilio ya jumla, sehemu ya faragha na usalama, kuna kitufe cha kufuta mafunzo yote na kuanza upya. Tulikibofya, akakaa akipitisha barua njema za waandishi wake kwa Shift na J, na barua za kufutwa akaanza kuzifuta kwa kitufe cha kufuta.

Kosa linalokaribia hilo, ila lenye sura ya busara, ni kuyatia majarida alama ya taka. Uliwahi kujiandikisha mwenyewe, sasa limekuchosha, unabonyeza J. Fikiri kidogo lina maneno gani ndani yake. Jarida la watafsiri limejaa "tafsiri", "mteja", "rasimu", "istilahi". Kila J unayolipiga inachafua maneno yaleyale ninayoyategemea kuokoa barua za kazi. Jarida halali ujiondoe. Kiungo kiko chini ya barua. Tangu mwaka 2024 Google na Yahoo wanawadai watumaji wakubwa waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, kwa hiyo kisingizio cha usumbufu kimepungua. Kwa taka halisi, ya mtu usiyemjua kabisa, kiungo cha kujiondoa usikiguse, kwa sababu ileile ya kutomjibu tapeli.

Na yale majarida unayotaka kubaki nayo ndiyo mahali pa kanuni za mkono nilizosema nitazirudia. Kanuni moja: anwani ya mtumaji ni hii, peleka kwenye folda ya majarida. Thunderbird hukuruhusu kuchagua kanuni ifanye kazi kabla ya hukumu ya taka au baada yake. Za majarida ninaziweka kabla. Kanuni inafaa pale jambo linapokuwa moja na halibadiliki. Kwa kukisia tabia za matapeli haifai.

Usisahau pia kwamba kabla barua haijafika kwenye kompyuta yako, seva imeshaipitia. Seva nyingi huweka hukumu yake kwenye vichwa vya ujumbe, ile mistari ya taarifa iliyofichwa juu ya barua. SpamAssassin, kwa mfano, hujumlisha pointi, na zikifika 5 huandika X-Spam-Flag: YES. Katika ukurasa wa mipangilio kuna sehemu ya kuiambia Thunderbird iiamini hukumu hiyo. Mimi siiamini kwenye akaunti ya kazi. Seva haijui mimi ni mtafsiri. Huhukumu kwa wastani wa watu wote inaowahudumia, na wastani huo haupokei mikataba ya mikopo kutoka kwa wageni. Kwenye akaunti ya nyumbani naiamini kabisa, kwa kuwa huko hakuna mgeni ninayemsubiri. Vilevile, ukitumia njia ya kupakua barua ambayo huleta kikasha tu, zile zilizozuiwa na seva hutaziona kwenye programu. Inabidi uingie kwa kivinjari ukazitazame huko huko.

Wizi wa manenosiri kichujio hiki hakikuzuii vya kutosha, na niseme wazi. Mwizi mzuri hunakili barua halali neno kwa neno na kubadilisha kiungo kimoja. Kwa hesabu ya maneno, barua hiyo ni njema. Huko mwenye kazi ni macho yako, na ukitaka msaada wa mashine, fungua vichwa vya ujumbe utafute mstari wa Authentication-Results: humo seva yako imeandika kama SPF, DKIM na DMARC, njia tatu za kuhakiki barua imetoka kweli kwa anayedaiwa, zimepita au zimeshindwa. Zikishindwa kwenye barua inayodai kutoka benki, usiendelee kusoma. Zikipita, bado angalia ni kikoa gani (jina linalofuata alama ya @) kilichopita, maana hata mwizi anaweza kununua kikoa chake na kukisajili vizuri.

Picha zilizo mbali, zile zinazovutwa kutoka mtandaoni barua inapofunguliwa, zibaki zimezuiwa, kama Thunderbird inavyokuja. Picha moja isiyoonekana inatosha kumwambia mtumaji kwamba barua imefunguliwa.

Mwisho, utunzaji. Faili la training.dat limo ndani ya folda ya wasifu, kwa hiyo ukinakili wasifu mzima kwenda kompyuta nyingine, elimu yote inahama nawe; ukianza wasifu mpya na kuziacha barua zijipakue upya kutoka kwenye seva, barua zitarudi lakini kichujio kitakuwa mjinga tena. Folda ya taka naipitia kwa macho tu, safu ya watumaji na safu ya vichwa vya habari, bila kuzifungua. Ninayoiokoa naipa Shift na J hata kama naweza kuirudisha kwa kuiburuta. Kuna na sehemu ya kufuta taka zenyewe zikishakaa siku kadhaa. Kisanduku huja kimeandikwa 14. Mimi nimeweka 30, kwa kuwa kuna wateja wanaoandika mara moja, wakanyamaza wiki tatu, kisha wakarudi kuuliza kama uliipata ile barua ya kwanza.